Usinunue boksi, nunua chipu

Ndugu wasomaji, leo siasa naiweka kando. Waheshimiwa wapumue kidogo. Nataka tuongelee kidude kidogo kuliko kiberiti ambacho kinawala vijana wa mji huu hela kimyakimya: adapta ya waifai ya kompyuta ya mezani.

Msicheke. Mwezi huu pekee nimeulizwa swali hili na watu wanne, kuanzia Mbagala hadi Tegeta. "Kaka, nimepata kompyuta ya mezani kwa bei nzuri, ila haishiki waifai. Ninunue nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu, vocha zinakwisha. Nimeamua kuandika hapa, anayeuliza tena nitamtumia anwani ya ukurasa huu.

Habari yenyewe iko hivi. Laptopu ya maana bado ni ghali kwa kijana anayeanza maisha. Kwa hiyo wengi wetu tunakimbilia kompyuta za mezani zilizotumika, zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinazoshushwa Kariakoo baada ya kustaafu kwenye maofisi ya ng'ambo. Ni mashine ngumu. RAM ikipungua unaongeza, diski ikifa unabadilisha, fundi wa mtaani anaifungua bila kutetemeka. Mimi mwenyewe habari zangu naziandikia kwenye moja ya hizo, chumbani kwangu Temeke. Lakini zina pengo moja. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi ambazo waya wa mtandao umepita ndani ya ukuta, kwa hiyo hazikuwekewa waifai. Zikifika kwetu, chumba cha kupanga Tandika au Mwananyamala, ukutani hakuna waya zaidi ya ule wa Tanesco.

Hapo ndipo unapoambiwa, "Si ununue tu kile kidude cha USB, bei ya chai!" Unanunua. Kinafanya kazi wiki mbili. Kisha vituko vinaanza.

Kuna jirani yangu ana kibanda cha steshenari. Anachapa barua, anatoa kopi, na kazi inayomlisha hasa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: mikopo ya HESLB, Ajira Portal, vyeti vya RITA, namba za TIN. Ndani ya mwaka mmoja alinunua adapta tatu za bei ya chai. Siku moja dirisha la maombi ya mikopo lilikuwa linaelekea kufungwa, vijana wamepanga foleni na vyeti mkononi, mtandao ukawa unakatika kila baada ya dakika chache. Ukikatika katikati ya kupakia nyaraka, unaanza upya. Binti mmoja na mama yake waliotoka Chamazi waliondoka magharibi fomu ikiwa nusu. Bando lilikuwepo na ruta ilikuwa inawaka. Kilichokuwa kinakufa ni kile kidude, kimepata moto hadi hukishiki.

Kwa hiyo msiniambie hili ni suala la watu wa kompyuta tu. Siku hizi elimu, ajira na hata cheti cha kuzaliwa vinapitia kwenye tundu la USB.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyekuwa na muda aende zake: kwa watu wengi wa hali yetu, adapta ya kununua ni ya USB yenye masafa mawili, yenye antena ya nje, na yenye chipu inayojulikana jina. Si ile ndogo kuliko zote, si ile ghali kuliko zote. Na kabla ya kununua chochote, jiulize kama unaihitaji kweli.

Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linalookoa hela nyingi. Kama ruta iko chumba kimoja na kompyuta, nunua waya wa mtandao, maliza kazi. Waya wa kawaida wa Cat5e unabeba mawasiliano hadi mita 100, hausumbuliwi na ukuta wala na jirani, na hauna draiva ya kutafuta. Ruta nyingi za mezani za kampuni zetu za simu zina tundu la waya huo kwa nyuma. Watu wanalitazama kila siku bila kuuliza lina kazi gani.

Najua mtakachosema. Ruta ni ya mwenye nyumba, iko sebuleni kwake, na wapangaji wote mnachangia. Huwezi kumtobolea mzee ukuta. Sawa. Basi angalia kwenye droo: una simu ya zamani ya Android iliyopasuka kioo lakini bado inagusika? Iunganishe na waifai ya nyumbani, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, halafu kwenye mipangilio ya simu uwashe sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Simu nyingi za Android zitapokea waifai na kuipitisha kwenye waya mpaka kwenye kompyuta. Bando la simu haliguswi. Hiyo tayari ni adapta, tena ya bure, na Windows huwa inaitambua bila kuhangaika. Wapo wanaoishi hivyo mwaka mzima. Mimi nasema ni dawa nzuri ya muda, kwa sababu simu inapata joto, betri inachoka, na kila umeme ukikatika inabidi uwashe upya.

Sasa kama umeamua kununua, jihadhari na namba kubwa za kwenye boksi. Utaona 150, 300, 600, 1300. Hizo ni megabiti kwa sekunde, na ukitaka megabaiti, zile tulizozoea kwenye ukubwa wa mafaili, gawanya kwa 8. Halafu hizo ni namba za kwenye karatasi. Kwa vitendo ukipata nusu yake shukuru Mungu. Kibaya zaidi ni hesabu ya kujumlisha. Adapta iliyoandikwa 600 kwa kawaida ina 150 kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na 433 kwenye masafa ya gigahezi 5. Wamejumlisha, wakasogeza hadi 600. Lakini haitumii masafa yote mawili kwa mpigo! Ni sawa na dereva wa bajaji anayekwambia spidi yake kwa kujumlisha ya kwenda na ya kurudi.

Tena jiulize, kifurushi chenyewe ni cha kasi gani? Kama intaneti inayoingia nyumbani ni megabiti 20, hata adapta ya 150 yenye afya inaimeza yote. Kununua ya 1300 ili Facebook ifunguke haraka ni kukaa siti ya mbele ya daladala ukidhani utawahi kufika kuliko wa nyuma.

"Sasa mbona unatuambia masafa mawili?" Swali zuri. Sababu yake ni msongamano. Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Fungua simu yako Manzese au Sinza saa mbili usiku uhesabu majina ya waifai yanayojitokeza. Wote hao wanagombania njia tatu, na humohumo wamo Bluetooth na maikrowevu. Masafa ya 5 yana njia nyingi zaidi na watu wachache. Ubaya wake ni kwamba hayapendi kuta, na sisi nyumba zetu ni tofali za sementi, si mbao kama kwenye sinema. Ukuta mmoja yatapita. Kuta mbili tatu yanachoka.

Kwa hiyo aliye karibu na ruta atumie 5, aliye mbali arudi 2.4. Ukiwa na adapta ya masafa mawili unachagua. Ukiwa na ya masafa mamoja umeshachaguliwa. Ila kwanza hakikisha ruta yenyewe inarusha 5, maana viruta vingi vya mfukoni vya bei ya chini vinarusha 2.4 peke yake. Kama chako ni hivyo na hutarajii kukibadilisha, usilipie kitu ambacho hutakitumia.

Na antena je? Vile vidude vidogo kama kucha vilitengenezewa laptopu, mtu akae nayo jirani na ruta. Kwenye kompyuta ya mezani unakichomeka nyuma ya sipiyu, nyuma ya bati zima la chuma, na sipiyu yenyewe imeegemea ukuta chini ya meza. Hapo kitasikia nini? Hata ukiwa na adapta nzuri, ongeza waya mfupi wa USB wa kurefusha, uitoe adapta juu ya meza. Ni hela ndogo, na mara nyingi inasaidia kuliko kununua adapta nyingine. Kuna jambo jingine wauzaji hawalisemi: matundu ya USB 3.0, yale ya buluu, yanapokuwa na kazi hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4. Intel wenyewe walichapisha maelezo ya tatizo hilo mwaka 2012. Kama unatumia 2.4, chomeka kwenye tundu jeusi, mbali na flashi au diski ya nje.

Sasa tufike kwenye roho ya jambo, chipu.

Jina lililoandikwa juu ya adapta ni nguo tu. Mwili ni chipu iliyo ndani, na kampuni zinazotengeneza chipu hizi ni chache: Realtek, MediaTek ambayo iliimeza Ralink mwaka 2011, Qualcomm iliyoinunua Atheros mwaka huohuo, Intel na wengine wachache. Adapta kumi zenye majina kumi pale Kariakoo zinaweza kuwa na chipu moja. Na adapta moja yenye jina moja inaweza kubadilishwa chipu bila boksi kubadilika sura. Mfano unaojulikana dunia nzima ni TP-Link TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ikapendwa sana na watu wa Linux. Kuanzia toleo la pili wakaweka ya Realtek RTL8188EUS. Jina lilelile. Tofauti ni herufi ndogo za toleo kwenye lebo. Aliyesoma sifa za la kwanza akanunua la pili alipata kitu kingine kabisa.

Kwa nini chipu ina uzito hivyo? Kwa sababu ya draiva. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zilizotumika tunazozinunua zina prosesa ambazo Windows 11 haizikubali rasmi, kwa Intel wanaanzia kizazi cha 8. Matokeo yake vijana wengi wanaangalia Linux Mint au Ubuntu, na mimi nawaunga mkono. Lakini Linux haina simile na chipu. MT7601U, ambayo ni ya 2.4 peke yake na ya bei ya chini, draiva yake imo ndani ya Linux tangu 2015. RTL8811CU na RTL8821CU za masafa mawili ziliingia rasmi kwenye Linux 6.2, mwaka 2023. Ukiwa na Linux ya zamani zaidi ya hapo, jiandae kuhangaika. Kwa upande wa Windows chipu zote hizi zinafanya kazi, mradi draiva iwepo.

Na hapa ndipo kichekesho kilipo. Kwenye boksi utakuta kisidi kidogo cha draiva. Kompyuta yako ina kiendeshi cha sidi? Mara nyingi haina, au imekufa. Wanakuandikia anwani ya mtandao ya kupakua draiva. Mtandao upi, wakati ndio unaoutafuta? Kuku na yai. Nyingine huchomekwa na kujitokeza kwanza kama sidi yenye draiva ndani, ukishaisakinisha ndipo zinageuka kuwa waifai. Hizo ni nafuu kwa Windows, kwa Linux zinaweza kukutesa. Dawa ya yote haya ni ile simu niliyoitaja juu. Ichomeke, pakua draiva, chomoa.

Kuhusu kadi za kufunga ndani ya sipiyu, zile za PCIe: ni nzuri, tena kwa mtu mwenye ruta ya kisasa ndizo bora. Nyingi zina chipu ya Intel kama AX200 au AX210, zinakuja na Bluetooth, na hazichomoki mtoto akipita. Lakini angalia mambo matatu. Moja, sipiyu nyembamba zinahitaji kibati kifupi cha kushikia kadi, uliza kama kimo kwenye boksi. Mbili, Bluetooth ya kadi hizo haiamki mpaka uunganishe kiwaya kidogo kwenye mazabodi. Tatu, usikubali kuuziwa AX201 au AX211 kama ni kitu kilekile. Zile zinategemea mazabodi maalumu za Intel, kwenye mashine nyingine zinakaa kama pambo. Tarakimu moja tu, hela imekwenda.

Haya, twende dukani. Ukishuka Msimbazi tu winga anakudaka. "Bosi wangu, karibu! Hii ni orijino, moto wa kuotea mbali, inavuta hadi Kigamboni!" Usibishane naye. Mwambie kwa upole, "Kaka, nisaidie kitu kimoja, naomba niichomeke kwenye laptopu hapo nione." Muuzaji mkweli hatakataa. Anayekataa amekujibu.

Ikishachomekwa, mambo mawili. La kwanza, fungua dirisha jeusi la amri kwenye Windows na uandike netsh wlan show drivers. Kama laptopu ina waifai yake, soma ile sehemu ya adapta mpya. Kuna mstari unaotaja aina za redio inazozikubali. Kama muuzaji anasema ni masafa mawili ya 600 na kwenye mstari ule hakuna 802.11ac, anakudanganya au naye kadanganywa. La pili, nenda kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, tazama namba za utambulisho za adapta. Zikianza na 0BDA ni Realtek, 148F ni Ralink au MediaTek. 0BDA na 8179 ni ile RTL8188 ya masafa mamoja, hata kama boksi limechorwa roketi. 148F na 7601 ni MT7601U. 0BDA na C811 ni RTL8811CU ya masafa mawili. Andika namba hizi kwenye karatasi uende nazo. Kisha dai risiti ya EFD yenye jina la kitu ulichouziwa. Bila risiti, kesho utamrudishia nani?

Nimalizie kwa wakubwa wetu. Mnakumbuka Juni 2016, TCRA walipozima simu feki? Kabla ya siku ile nchi nzima ilikuwa inabonyeza *#06# kukagua simu. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba ya IMEI na mitandao inaiona. Adapta ya waifai haina IMEI. Haipiti kwenye mnara wa mtu. Hakuna atakayeizima, itaendelea kuuzwa na kununuliwa na watu walewale wenye kipato kidogo. Sheria zipo. Vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuthibitishwa na TCRA, na Tume ya Ushindani inayo mamlaka juu ya bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Sitaki wafunge maduka ya Kariakoo, vijana wenzetu wanakula pale. Ninachotaka ni kidogo: aingizaye mzigo alazimishwe kuandika kwenye boksi jina la chipu na masafa yake, kwa Kiswahili kinachosomeka. Mafuta ya kula yanaandikwa yametengenezwa na nini. Adapta nayo iandikwe.

Mpaka hapo watakapoamka, mlinzi wa hela yako ni wewe. Na wale wanaonitafuta kwa siri wakiulizia adapta ya kuvunjia nywila ya jirani, jibu langu ni lilelile: kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kuna kubisha hodi kwa jirani ukaomba mchangie. La pili ni rahisi zaidi.

Bei sikuziandika makusudi, zinapanda na kushuka kila kontena likifunguliwa. Pita maduka matatu kabla ya kutoa hela.

Naomba kutoa hoja.